Siku Kipara Changu Kilipomuua Baba

Ilianza Jumapili, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye kiti cha kinyozi nyuma ya soko la Oyugis, na hata sasa nikiandika masikio yananiwaka kwa aibu, lakini nataka ijulikane mapema kwamba aibu ni nusu tu ya mambo. Nusu ile nyingine ni hasira. Na hasira ndiyo nusu kubwa (najua nusu hazina kubwa wala ndogo, mwalimu wa Hesabu anisamehe, siku hiyo moja ilizidi).

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno. Darasani nikiitwa jina nasema "niko" kwa sauti ya mbu, mpaka Odongo anisemee, "Yuko, mwalimu, huyu hapa." Odongo ni pacha wangu. Mimi ni Apiyo, yaani nilitangulia kutoka, yeye akanifuata, na tuko Fom Tatu pamoja katika shule ya kutwa hapa hapa Oyugis. Tunakula sufuria moja, tunalala nyumba moja, tunaoga kwa sabuni moja, ila yeye anamaliza maji.

Sasa, shuleni kwetu wote tunatakiwa nywele fupi, na hilo mimi sina neno nalo. Neno langu ni hili: wavulana wanakaguliwa mara moja kwa mwezi, wasichana kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Dep, anapita na rula yake, anaiegemeza kichwani, na nywele zikizidi kidogo tu unatolewa nje ukanyolewe ndipo urudi. Ijumaa hiyo hiyo ndiyo siku yetu ya Kemia kule maabara, kwa hivyo unarudi unakuta wenzako wanaosha vyombo na rangi imeshabadilika bila wewe kuiona. Na Odongo yuko pale kwenye benchi la mbele na nywele ambazo ukichomeka kalamu inasimama yenyewe. Mimi nataka kuwa mfamasia. Nionyesheni mfamasia mmoja aliyejifunzia Kemia kwa kinyozi.

Siku moja msichana mmoja jasiri (si mimi) alimuuliza Dep kwa nini iwe hivyo, naye akajibu bila hata kusimama, "Nywele za wasichana zinakua haraka kuliko za wavulana. Hiyo ni biolojia." Akaenda zake.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mbuta. Nilikaa nalo siku nyingi, mwishowe nikamvizia Madam Nyaboke, mwalimu wetu wa Biolojia, nje ya maabara, nikamuuliza kwa ile sauti yangu ya mbu. Akacheka. Akasema kichwani nywele za mwanamume na za mwanamke zinakwenda mwendo karibu ule ule, ukiona tofauti ni ya mtu na mtu, na wanaume wakitaka kujivunia nywele wajivunie ndevu. "Lakini Dep hatasikia maneno yangu," akasema. "Nyinyi ni mapacha, mnakula chakula kimoja. Anzeni pamoja, siku moja, kutoka sufuri, halafu msinyoe mwezi mzima, mnapima tu. Mkileta majibu kwenye klabu ya sayansi nitamkalisha pale mbele ayaone. Ila ruhusa ya kukaa mwezi bila kunyoa utaenda kuiomba kwake wewe mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokwama. Kumwomba Dep ruhusa, mimi! Nikajiambia kwanza nianze, kuomba nitaomba baadaye nikipata ujasiri, labda ukija na mvua.

Basi uamuzi mdogo uliozaa yote ulikuwa huu: mashine ya kinyozi inabakisha vinywele, na Madam alisema sufuri, na mimi nikisoma maagizo nayafuata. Nikamwambia Odongo, tunanyoa kwa wembe.

"Sis, wembe wa ukweli? Mpaka ngozi?"

"Mpaka ngozi."

"Sawa tu. Nitawaka kama sahani."

Alikaa yeye kwanza. Redio ya kinyozi ilikuwa inatangaza mpira kwa kelele, vijana waliosubiri foleni wanabishana, kinyozi mwenyewe anacheka huku wembe unateleza. "Eh, Odongo! Sasa umefanana na wale wachezaji wa Ulaya. Wasichana watakumaliza!" Odongo akajiangalia kwenye kioo, akajipenda, akalipa, akakimbilia uwanjani maana walikuwa na mechi.

Mimi nikakaa. Nikasema, "Na mimi wembe."

Kinyozi akasimama. "Wewe? Wembe?"

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono akazima redio. Vijana wakanyamaza. Mmoja akavua kofia. Alininyoa polepole kama anayepangusa mtoto mchanga, na akimaliza kila upande anaguna, "Mungu ni mkubwa," nami ninawaza, kumbe huyu kinyozi ni mtu wa dini. Akanipaka spiriti nyingi. Nilipotoa pesa akanirudishia mkononi, akanikunja vidole, akasema, "Wewe nenda tu, mwanangu. Jikaze." Mjinga mimi nikatoka nafurahi kwamba kuna mahali Oyugis wasichana nao wamekumbukwa.

Lazima niseme kitu hapa kwa wasiotoka kwetu. Kwetu msichana au mama hapiti barabarani na kichwa cha wembe kinachong'aa hivi hivi. Mtu akifa, akishazikwa, watu wa nyumba hunyolewa. Hiyo ndiyo alama. Wengi siku hizi hawafuati sana, lakini jicho bado linajua kusoma. Na mimi nilijua! Sitadanganya kwamba sikujua, Dani wetu (ndiyo nyanya, mama yake Baba) ametueleza mara mia. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa sayansi, hapakubaki nafasi ya mila.

Nikapita sokoni. Mama huuza nguo za mitumba pale, lakini siku hiyo meza yake ilikuwa imefunikwa, amekwenda Migori kumwona dada yake aliyejifungua. Jirani yake wa meza ni Mama Akinyi, muuza omena (ndiyo dagaa), mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya kengele ya kanisa. Aliponiona kikombe cha omena kilimponyoka.

"Apiyo! *Ng'a motho?* Nani amekufa?"

Sasa mtu mwingine angecheka akasema hakuna, Mama, ni mambo ya shule. Mtu mwingine. Mimi nikasikia soko zima limegeuka kuniangalia, ulimi ukalala. Nikainamisha kichwa. Na jua lilikuwa kali, na jasho limeanza kuteremka, na limekuja na ile spiriti yote ya kinyozi.

"Ni mama yako? Mbona jana ameenda Migori mzima?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Ni dani?"

Nikatikisa, hapana.

"Usiniambie ni baba yako!"

Na hapo, nawaapia, hapo hapo, spiriti ikaingia jicho la kulia, halafu la kushoto. Moto! Machozi yakanitoka kama bomba limepasuka, nikajifunika uso wote na leso, nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia Mama Akinyi ameachilia nduru, nikafikiri labda kuna mwizi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Dani uani anamenya njugu. Haoni vizuri mbali, na mimi nilishajifunga leso kichwani, kwa hiyo hakuuliza kitu. Nikanawa macho, nikakaa naye kumenya. Baba alikuwa Sindo, anakonunua samaki, na alikuwa arudi siku hiyo. Tukasikia kilio kwa mbali barabarani. Dani akainua uso. "Maskini, ni kwa nani?" Kilio kikasogea. Dani akasema, "Kama kinakuja upande wa kanisa." Kikapita kanisa. Kikakata kona yetu. Wakaingia langoni kwetu, wanawake wa soko wote, Mama Akinyi mbele mikono kichwani, nyuma yao vijana wamebeba viti vya plastiki.

"Yaye, Mama! Mwanao!"

Ungo wa njugu ukamwagika. Dani hakupiga kelele hata kidogo, ndiyo iliniua. Alikaa tu pale chini, akawa mdogo ghafla, akauliza, "Mwanangu yupi?" wakati mwana anaye mmoja.

Na mimi je? Mimi niliamini! Nilifikiri Baba amekufa kweli Sindo na habari ndiyo imefika. Nikapiga simu yake, mteja hapatikani. Nikalia mpaka leso ikaanguka, na wanawake walipoona kile kipara kwa karibu wakazidisha. Mama Akinyi alikuwa ameshampigia Mama kule Migori, na Mama ameshapanda gari anarudi.

Halafu, katikati ya kulia, wakaanza kukasirika. Maana kunyoa huja baada ya mazishi, sasa mtu amezikwa lini? "Mnazikaje mtu kimyakimya kama kuku aliyekufa kwa kideri?" mmoja akasema. Mwingine akamjibu, "Bila shaka wamemzikia huko huko Sindo." Dani akasema, "Mwanangu azikwe ugenini, mimi mama yake nikimenya njugu?" Na sauti ile sitaisahau.

Na nani akaingia wakati huo? Dep. Amevaa koti. Nyumba yake iko karibu na soko, akasikia mwanafunzi wake amefiwa, akaja haraka, hilo nampa. Akamshika Dani mkono, akampa pole, kisha nikamwona anazunguka nyuma ya nyumba, halafu nyuma ya jiko, halafu kwenye migomba, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anatafuta kaburi. Yule yule wa "hiyo ni biolojia".

Nikamvuta Mama Akinyi pembeni, nikiwa bado nalia. "Mama, nani alileta habari za Baba?"

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si ni wewe, mwanangu? Pale sokoni."

Jamani. Niliona kila kitu kwa mpigo mmoja, redio iliyozimwa, kofia iliyovuliwa, pesa iliyorudishwa, spiriti. Furaha kwamba Baba hajafa ikagongana na hofu ya watu wote wale uani.

Dep alikuwa ameanza sala. Nikamsogelea. "Mwalimu…"

"Lia tu, binti. Mungu anasikia."

"Mwalimu, si…"

"Shhh. Tunaomba."

Akaendelea kumweleza Mungu jinsi Baba alivyokuwa mtu wa watu (hawajawahi kukutana), na mimi nimesimama kando yake nikisema "hajafa" kwa sauti ambayo hata inzi wangeniambia niongeze. Hakuna aliyesikia. Alikuwa hajafika amina tuliposikia bodaboda inakata kona.

Baba huyo. Karai la samaki kwenye mapaja. Akaona viti. Akaona wanawake chini. Akaniona mimi na kipara cha wembe. Na akafanya hesabu yake mwenyewe, maana katika nyumba yetu mzee ni mmoja tu: akaruka kutoka kwenye bodaboda, samaki wakatawanyika, akakimbia uani akilia, "Mama! Mama yangu ameenda!" na Dani huku anainuka kutoka chini akilia, "Mwanangu!" na wakagongana hapo katikati, kila mmoja anamlilia mwenzake aliye mikononi mwake.

Wanawake wawili wakakimbilia shambani. Mama Akinyi akakaa juu ya njugu. Dep alisema "Yesu" lakini si kwa sala.

Walipokwisha kumshika Baba mikono na uso kuhakikisha ana joto, watu wote wakageuka. Mnajua wakageukia wapi. "Apiyo, kwa nini umenyoa?" "Huyu mtoto anamwitia baba yake kifo!" "Msichana mzima, hana adabu!" Hata waliokuwa wananipangusa machozi dakika ile. Na Dep, amekunja mikono: "Shule haijasema wembe. Shule imesema mashine. Sheria ni nyepesi kabisa, sijui wasichana mna shida gani."

Na ndipo Odongo akaingia kutoka mpirani. Matope mpaka magotini, kipara kinawaka, anatazama umati na viti. "Maze, kuna sherehe? Kuna chakula?"

Nilingoja. Niliapa moyoni nitangoja nione. Walimwangalia kichwa, kipara cha wembe ule ule. Na Mama Akinyi akajipangusa njugu kwenye sketi akasema, "Ah, Odongo, kumbe umenyoa. Umependeza!"

Sijui nini kilipasuka ndani yangu. Sauti ilitoka, na haikuwa ya mbu.

"Amependeza? Tumenyoa pamoja! Kiti kimoja, kinyozi mmoja, wembe mmoja, leo hii, asubuhi hii! Yeye ameambiwa anafanana na mchezaji, mimi nimeletewa viti! Nywele zake zikikatwa ni nywele, zangu zikikatwa ni maiti! Halafu shuleni Mwalimu ananitoa kwenye Kemia kila Ijumaa nikanyolewe eti zangu zinakimbia kuliko zake, nami nilitaka tu kupima mwezi mmoja tujue kama ni kweli. Zikimea ni kosa, zikikatwa ni kosa. Nikipeleke wapi kichwa hiki? Niambieni! Nikivue nikiweke kabatini?"

Kuku tu walikuwa wanashughulika na njugu. Baba alinitazama kama mtu aliyenunua redio mbovu miaka mingi iliyopita na leo imeshika stesheni.

Dani ndiye aliyesogea kwanza. Akaja, akaweka viganja vyote viwili juu ya kipara changu, na alikuwa bado anatetemeka, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata aibu. "Umenizeesha leo," akaniambia polepole. "Wewe na huyu ndugu yako, wote wawili, msidhani yeye amepona." (Odongo akashtuka. Asante, Dani.) Kisha akainua sauti kwa wote. "Kichwa kilichonyolewa kwa kifo kisichokuwepo hakiguswi tena. Si wembe, si mashine, si mkasi. Vichwa vyote viwili. Mpaka mwezi huu ufe na mwingine uzaliwe na mimi nivione kwa macho yangu haya mabovu." Akamgeukia Dep. "Mwalimu, wewe ni mtoto wa kwetu. Umesikia?"

Dep akatazama viatu vyake. "Nimesikia, Mama."

Mwezi mmoja! Ruhusa ile niliyokuwa naingoja ije na mvua, Dani kaitoa kwa pumzi moja, na sijui mpaka leo kama alielewa hesabu yangu au ni mila tu, maana nilipomuuliza aliniambia nikaokote njugu.

Mama alifika kutoka Migori jua likiwa limeinama, ameshikiliwa na wanawake wawili wa kanisa aliokutana nao njiani. Akamwona Baba kwenye kiti cha plastiki anakula samaki na waombolezaji wake. Akasimama. Akamwendea. Akampiga na mkoba begani, "Na kwa nini umezima simu?" Kisha akakaa chini akalia kweli, na Baba akaacha samaki. Mimi sikula. Mama alilia safari nzima kutoka Migori, akimlilia mtu aliye hai. Hilo halina mzaha, na nililibeba kitandani.

Basi naapa, na Odongo ameapa pia ingawa yeye ameapa akicheka: sitashika wembe tena, iwe kwa sayansi au kwa lolote, kabla sijamwambia Dani kwanza, na Mama, na Baba, na Mama Akinyi, hasa Mama Akinyi, kwa mdomo na kwa sauti. Na nikiulizwa swali sokoni, nitalijibu hata kama macho yanaungua. Kunyamaza kwangu kulifanya nusu ya kazi. Lakini nusu tu. Ile nusu nyingine siichukui, ni ya wenyewe.

Asubuhi yake, Jumatatu, shule nzima ilishasikia. Wananiita Mama Matanga. Kwenye gwaride wavulana wa Fom Nne walikuwa wanatoa kilio kidogo kidogo kila nikipita. Nilisimama kwenye mstari wetu, kisha nikawaza, sasa kimebaki nini cha kuogopa? Nikamshika Odongo mkono, tukatoka kwenye mstari, tukaenda mpaka mbele alikosimama Dep, na nikamnyooshea rula yangu.

"Mwalimu, tafadhali utupime wewe mwenyewe. Ili mwezi ukiisha usiseme tulidanganya mwanzo."

"Leo si Ijumaa, Apiyo."

"Hata sisi hatukaguliwi, Mwalimu. Tunaanza."

Nyuma yake nikamwona Madam Nyaboke ameziba mdomo kwa kitabu. Dep akaitazama rula, akanitazama mimi, nadhani akaona na Dani yuko mahali fulani nyuma yangu. Nikainamisha kichwa. Akapima. Akapima cha Odongo.

"Sufuri," akasema chini chini. "Na sufuri."

Nikamwambia arudie kwa sauti, kwa sababu wale wa nyuma hawajasikia.